Kisima kinatoa mchanga na pampu zinakufa: je, nichimbe zaidi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Urambo mkoani Tabora. Mwaka 2021 nilichimbiwa kisima nyumbani. Ripoti niliyoachiwa inasema kina ni mita 52, maji yanakaa mita 14, skrini (bomba lenye matundu ya kuingizia maji) ziko kati ya mita 42 na 48, na kilipopimwa mwezi Aprili kilitoa lita 2,400 kwa saa huku maji yakishuka hadi mita 31. Kwa miaka mitatu nilitumia pampu ya hospawa moja na maji yalikuwa safi kabisa. Baadaye nikaweka tangi la lita 10,000 kwa ajili ya bustani na majirani wanaonunua ndoo. Fundi akanishauri nichukue pampu ya hospawa mbili, ya lita 5,000 kwa saa, akaifunga mita 45. Tangu hapo maji yanatoka meupe, yana mchanga unaometameta hadi wajukuu wanasema ni dhahabu. Yanatoka kama dakika 20, yanakatika, yanarudi. Pampu ya kwanza ilikufa baada ya miezi miwili, na ya pili sasa inakoroma. Nikikinga ndoo ya lita 20, chini inabaki mchanga wa kijiko kimoja cha chai. Fundi alipima kisima kwa kamba akapata mita 46. Zege la pale juu nalo limepata ufa na pembeni kuna kishimo. Mmoja ananiambia nichimbe hadi mita 100, mwingine nimwage kokoto ndani, wa tatu nivute kwa nguvu mpaka mchanga uishe. Kijana wangu anayesoma uhandisi wa petroli Dodoma anasema hata visima vya mafuta na gesi vinasumbuliwa na mchanga. Ile pampu ya zamani bado ipo stoo. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Umefanya jambo ambalo wenye visima wengi hawafanyi: umeitunza ripoti na umeandika vipimo. Kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa hesabu badala ya kubahatisha. Nakuomba kwanza uizime hiyo pampu leo, kabla hujamaliza kusoma. Kila saa inayofanya kazi inakuharibia kisima, na kisima ni ghali kuliko pampu.

Najua kinachokuumiza zaidi ni pampu mbili na pesa yake. Lakini pampu kufa ni dalili tu. Ugonjwa ni kwamba ardhi yenyewe iliyo nyuma ya skrini imeanza kuhama na kuingia ndani ya bomba. Ukinunua pampu ya tatu bila kuligusa hilo, itakufa kama wenzake.

Tuanze na mchanga wenyewe, maana unaeleza mengi. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba wa graniti wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Juu ya mwamba huo mgumu kuna tabaka la mwamba uliooza, ambalo hapa linaweza kuwa na makumi ya mita. Graniti inapooza, madini yake hayaozi sawasawa. Felspa hugeuka udongo laini mweupe, kaolini, na huo ndio unaoyapa maji yako ule weupe. Kwatzi haiozi, inabaki punje ngumu zenye kona kali. Na vile vijipande bapa vinavyometameta ni ulanga, ile ambayo wengi huiita maika. Waambie wajukuu wachukue punje moja waikandamize kwa ukucha: dhahabu itabonyea, ulanga utachanika kuwa vijikaratasi vyembamba. Najua Nzega, kwenye machimbo ya dhahabu, si mbali na watu wa kwetu wana haki ya kuota, lakini hiki si cha kupeleka kwa mnunuzi.

Maji ya visima vingi vya mkoa wetu yanatoka katika tabaka hilohilo lililooza, hasa sehemu yake ya chini inayokaribia mwamba mzima, pamoja na nyufa za juu za mwamba wenyewe. Ni tabaka lenye maji, lakini halijashikamana sana. Ndiyo maana mchimbaji hutumbukiza bomba la kesingi, mahali penye maji huweka skrini, yaani bomba lenye matundu membamba, na nyuma yake humwaga changarawe iliyochaguliwa. Changarawe inazuia mchanga wa ardhini, skrini inazuia changarawe. Vikipangwa vizuri, maji yanapita na ardhi inabaki mahali pake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Watu hudhani skrini ni kama kitambaa cha kuchujia, kwamba punje ndogo kuliko tundu lazima ipite na kubwa lazima ibaki. Sivyo. Punje nyingi zilizo ndogo kuliko tundu hazipiti, kwa sababu zinapolikaribia zinabanana kama abiria wanaogombea mlango mmoja wa basi: kila mmoja angepita akiwa peke yake, lakini kwa pamoja wanashikana na hakuna anayepita. Punje hujenga matao madogo mbele ya kila tundu, na matao hayo ndiyo yanayokizuia kisima kisitoe mchanga. Yanasimama maadamu maji yanapita kwa kasi ndogo na bila mishtuko. Kasi ikizidi, tao linavunjika, punje zinaingia, tao jingine linajaribu kujengeka, nalo linavunjika.

Kwa hiyo ulivyoniandikia kwamba kisima kilikuwa safi kwa miaka mitatu kisha kikaharibika mara tu pampu ilipobadilishwa, umenipa nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kwenye ripoti yako.

Kilipopimwa kwa lita 2,400 kwa saa, maji yalishuka kutoka mita 14 hadi mita 31, yaani mita 17. Ukivuta lita 5,000 kwa saa, ambazo ni zaidi ya mara mbili, mshuko nao unazidi mara mbili, takriban mita 35. Jumlisha na zile 14, maji yanatakiwa kufika mita 49. Lakini skrini zako zinaishia mita 48, na pampu iko mita 45. Maana yake pampu inavuta maji hadi yanafika usawa wake, inaanza kumeza hewa, inakata, kisima kinajaza kidogo, inavuta tena. Hizo ndizo zile dakika 20 zako. Na kumbuka kipimo kilifanywa Aprili, masika yakiwa yanaisha na maji ya ardhini yakiwa juu. Mwezi Oktoba hali ni mbaya zaidi ya hesabu hii.

Sasa angalia kasi ya maji yanapoingia. Kanuni ya kawaida katika visima ni kwamba maji yasipite kwenye matundu ya skrini kwa zaidi ya sentimita 3 kwa sekunde. Ukichukua mita 6 za skrini ya kawaida ya plastiki ya inchi 5, yenye uwazi wa kama asilimia 5, na ukagawa lita 5,000 kwa saa sawasawa juu yake, utapata sentimita 1 kwa sekunde. Mezani inaonekana salama, na pengine fundi aliyekushauri aliishia hapo. Lakini katika graniti iliyooza maji hayaingii sawasawa. Mara nyingi sehemu kubwa yanaingia kupitia mkanda mmoja mwembamba. Mkanda huo ukiwa wa mita moja tu, ile pampu ya lita 5,000 inasukuma maji pale kwa zaidi ya sentimita 6 kwa sekunde, mara mbili ya kikomo. Na kwa lita 2,400, kiwango kilichotumika kwenye kipimo, kasi ni sentimita 3. Kisima chako kilikuwa kinaishi ukingoni mwa uwezo wake, na kilivumilia.

Kuna jeraha la tatu. Ripoti inasema kina ni mita 52, yaani chini ya skrini uliachiwa mita 4 za bomba lisilo na matundu, mahali pa kutulia mchanga kidogo unaoponyoka. Fundi amepata mita 46. Hizo mita 4 zimejaa, na mchanga umepanda ukazifunika mita 2 za chini za skrini. Maji yaleyale sasa yanajibana kwenye mita 4 zilizobaki, kwa kasi kubwa zaidi. Na pampu yako inaning'inia mita moja tu juu ya mchanga. Hata ardhi ikitulia leo, pampu itaendelea kuufukua mchanga uliolala chini yake.

Kijiko chako cha chai nakichukulia kwa uzito. Kijiko kimoja cha mchanga mkavu ni kama gramu 7 na nusu. Pampu nyingi za kuzamisha zimetengenezwa kuvumilia mchanga usiozidi gramu 50 kwa kila lita 1,000 za maji, yaani gramu 1 kwa ndoo ya lita 20. Unaipa mara saba ya inachoweza. Punje za kwatzi zinazila impela, yaani visukumio vya maji ndani ya pampu, na bushi, nafasi zinapanuka, shafti inacheza, ndiyo huo mkoromo. Na kama unajaza tangi la lita 10,000 kila siku, hizo ni ndoo 500, karibu kilo 3.75 za mchanga kwa siku, zaidi ya kilo 110 kwa mwezi. Ni debe tatu na nusu za ardhi zinazotolewa chini ya uwanja wako kila mwezi, mbali na zile zilizobaki ndani ya bomba.

Hapo ndipo kile kishimo kinapopata maelezo. Tundu lililo mita 45 chini halifiki juu kirahisi, kwa hiyo usihofie nyumba kuzama. Lakini changarawe iliyomwagwa nje ya kesingi imesimama kama nguzo ndefu kuzunguka bomba. Ardhi iliyo nyuma ya skrini ikihama, changarawe inashuka kujaza pengo, na kilicho juu yake kinashuka nacho, pamoja na ile saruji au udongo uliozibia mdomo wa kisima. Hatari yake ni ya kiafya. Masika ikianza, maji ya uwanjani, ya choo na ya zizi yanaweza kupata njia ya kuteremka kandokando ya kesingi. Mchanga wenyewe hauna sumu, ila kuanzia leo maji ya kunywa yachemsheni au muweke dawa ya klorini, na kabla hujauza tena ndoo kwa jirani, peleka sampuli maabara ya maji ipimwe vimelea. Hili usilicheleweshe hata kama mengine utayasubirisha.

Sasa nirudi kwa washauri wako watatu.

Anayesema uchimbe hadi mita 100 anatibu kisichoumwa. Tatizo lako si kukosa maji, ni namna unavyoyachukua. Kushuka ndani ya graniti hakuna ahadi ya maji zaidi, maana kwa kawaida nyufa hupungua kadiri mwamba unavyokuwa mzima. Na kuchimba kupitia ndani ya kesingi ya plastiki ya inchi 5 ni kazi inayoweza kuipasua. Zaidi ya hayo, skrini inayoleta mchanga itabaki palepale mita 42 hadi 48, ikiendelea kumwaga.

Anayesema umwage kokoto ndani, namwomba asithubutu. Kokoto itaangukia ndani ya bomba, wakati mahali pa changarawe ni nje ya bomba. Utakuwa umeziba skrini na pengine umeibana pampu isitoke tena. Hata kwa nje, kokoto za ujenzi hazifai: zina kona, saizi zimechanganyika, zimejaa vumbi. Changarawe ya kisima ni punje za mviringo za kwatzi, zilizooshwa, za saizi inayokaribiana, na wastani wake huwa mara 4 hadi 6 ya wastani wa punje za mchanga unaotaka kuuzuia.

Wa tatu ana chembe ya ukweli, na kwa kuwa umemtaja kijana wako, nitalieleza vizuri. Kisima kipya lazima kisafishwe kwa nguvu, kile mafundi wanachokiita kuflashi. Hewa ya kompresa inapiga maji juu chini kwa saa kadhaa, punje laini zilizo karibu na skrini zinatolewa, na zile kubwa zinabaki zimejipanga. Kampuni yenye haraka huflashi saa moja, maji yakionekana yametakata wanafunga mitambo, na mwenye nyumba anabaki na kazi ambayo haikuisha. Lakini kuflashi hufanywa kwa mpango, kwa vipimo, na kwa kompresa ambayo haina impela za kuliwa na mchanga. Kuvuta tu kwa pampu kubwa hakupangi punje, kunazihamisha. Na mchanga hauishi, kwa sababu nyuma yake kuna mchanga mwingine hadi kwa jirani.

Kijana yuko sahihi. Visima vya mafuta na gesi vilivyochimbwa kwenye mawe ya mchanga yasiyoshikamana vina ugonjwa huuhuu, ila kwa kina cha mamia au maelfu ya mita na kwa shinikizo kubwa. Huko gesi inapokimbia na punje, mchanga unakata kona za mabomba ya chuma hadi yanatoboka, kwa hiyo wanafunga vipima sauti kwenye mabomba ili wasikie punje zinavyogonga. Mafuta yakianza kuchanganyika na maji, mchanga mara nyingi huongezeka, kwa kuwa maji yanalegeza kile kilichokuwa kinazishikanisha punje. Dawa zao utazitambua: skrini, changarawe nyuma ya skrini, wakati mwingine gundi maalumu inayosukumwa ardhini ili punje zishikane, na juu ya yote kupunguza mvuto kwa valvu hadi chini ya kiwango ambacho matao yanavunjika. Ile ya changarawe waliiazima kwetu sisi wa maji.

Tena kuna mahali ambapo ushauri wa huyo wa tatu ni sahihi. Katika majimbo ya Alberta na Saskatchewan huko Kanada, wenye mafuta mazito huuacha mchanga utoke makusudi, kwa sababu njia zinazoachwa na mchanga ndizo zinazoyapitisha mafuta hayo. Lakini wao wana pampu za skrubu zinazovumilia mchanga na magari ya kuubeba, na kisima chao hakinywewi na mtu. Kijana akileta hoja hiyo mezani, mpe haki yake kisha mwonyeshe ufa wa zege.

Unachoweza kufanya ni hiki, na sehemu ya kwanza ndiyo habari njema. Pampu kubwa huihitaji. Ukivuta lita 1,800 kwa saa, tangi lako la lita 10,000 linajaa kwa chini ya saa sita. Maji yatashuka hadi kama mita 27 tu, mbali kabisa na skrini, na kasi hata kwenye ule mkanda mmoja inarudi chini ya sentimita 3. Ile ya hospawa moja iliyopo stoo inatosha. Anza kujaza alfajiri, jioni tangi limejaa, na bustani ikanyweshwa. Fundi alikuuzia haraka ambayo hukuwa na shida nayo.

Lakini usiirudishe kabla kisima hakijasafishwa. Itolewe hiyo inayokoroma, kina kipimwe upya kwa kamba yenye uzito, na kama ipo kampuni yenye kamera ya kisimani, ipitishwe. Kamera itakuonyesha kama skrini imepasuka, kama kiungo cha kesingi kimeachia, au kama skrini ni nzima na tulichovunja ni matao tu. Kuna namna ya kubahatisha bila kamera: chukua mchanga uliobaki kwenye ndoo uutandaze kwenye sahani nyeupe. Ukiona punje laini zenye kona na ulanga, hiyo ni ardhi inayopita kwenye matundu. Ukiona vijiwe vya mviringo vya milimita 2 hadi 4, vinavyofanana saizi, hiyo ni changarawe yako mwenyewe inaingia, na skrini imechanika. Ukiona udongo mwekundu wa juu, hasa baada ya mvua, kesingi imevuja karibu na uso wa ardhi.

Kama skrini ni nzima, mchanga uliojaa uondolewe kwa kompresa, taratibu, wakianza na hewa kidogo. Kompresa ya kuchimbia ikifunguliwa yote kwa mara moja mbele ya skrini ya plastiki inaweza kuivunja, kwa hiyo simama hapo uulize. Baada ya hapo changarawe iongezwe kwa nje pale iliposhuka, na mdomo wa kisima uzibwe upya kwa saruji.

Halafu pampu ndogo ifungwe mita 38, juu ya skrini, isiwe mbele yake. Iwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Ikikosekana, kila pampu inapozimwa maji yote ya kwenye bomba yanaporomoka kisimani, yanasukuma matao kwa nyuma na kuyabomoa. Kwa sababu hiyohiyo, swichi ya boya kwenye tangi ipangwe ili pampu iwake mara moja na kufanya kazi kwa muda mrefu, si kuwaka na kuzima kila jirani anapochota ndoo mbili. Umeme ukikatika na kurudi, acha dakika kadhaa kabla ya kuwasha.

Juu, weka valvu ya geti na mita ya maji. Anza na valvu imefunguliwa kidogo, kama lita 1,000 kwa saa. Kinga ndoo moja mwanzoni, nyingine baada ya dakika 10, nyingine baada ya nusu saa, nyingine baada ya saa. Ziache zitulie, mwaga maji, kausha mchanga, upime kwa mizani ndogo ya sonara. Mchanga ukionekana dakika za mwanzo tu kisha ukapotea, huo ni mshtuko wa kuwasha, kwa kawaida hutulia. Ukiendelea saa nzima, rudisha valvu nyuma. Ukipotea, ongeza kidogo, rudia. Kikomo cha pampu ni ile gramu 1 kwa ndoo, ila kwa matumizi ya nyumbani lenga punje chache za kuhesabika, sehemu ya kumi ya hapo. Kiwango cha lita utakachokipata ndicho uwezo wa kisima chako, nacho kirudie Oktoba. Tahadhari mbili: pampu isibanwe chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji, maana maji yanayopita ndiyo yanayoipoza mota, na hakikisha daraja la bomba linastahimili shinikizo linaloongezeka valvu inapobanwa.

Vipo vifaa utakavyouziwa. Kitenganisha mchanga cha kufunga juu kinalinda tangi na koki, hakilindi pampu wala ardhi. Pampu ya skrubu, hata ya sola, inavumilia mchanga zaidi na huvuta polepole. Kama ungekuwa unanunua mpya, ningekuelekeza huko, lakini nayo haitibu. Na kuna kuingiza bomba jembamba lenye skrini ya matundu madogo ndani ya hili la sasa. Linafanya kazi, na ndilo nitakalolishauri kama kamera itaonyesha skrini imechanika, ila kisima kinabaki chembamba kiasi kwamba pampu ya kawaida ya inchi 4 haitaingia, na maji yatapungua. Ikifika hapo, ulinganishe gharama yake na ya kisima kipya; ukichagua kipya, hiki kizibwe kwa saruji rasmi, kisiachwe wazi.

Usisubiri hatua zangu za taratibu kama kishimo kinapanuka, kama pampu imekwama haitoki, kama vile vijiwe vya mviringo vimeonekana, au maji yamebadilika rangi na harufu baada ya mvua. Zima, zuia watoto wasifike pale, na mwite mtaalamu afike mwenyewe. Mtu yeyote asivute pampu iliyokwama kwa gari. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, inaweza kukuelekeza kwa kampuni yenye leseni ya Wizara ya Maji. Kibali cha kuchimba na kutumia maji kiko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao makuu Kigoma. Msomaji wa Igunga anayefuatilia jibu hili, bonde lake ni la Kati. Kama kisima chako hakijawahi kuwa na kibali cha kutumia maji na unauza ndoo, lishughulikie hilo katika safari hiyohiyo.

Unapokwenda, beba ripoti ya 2021, maandishi ya pampu zote, na mchanga wa ndoo moja ukiwa umekaushwa kwenye chupa. Usiuoshe. Ule udongo mweupe uliogandamana na punje unamsaidia mtaalamu kujua mchanga unatoka tabaka gani, na akichagua skrini au changarawe mpya, atapima kutoka kwenye chupa hiyo.